Orodha za Vyuo Vikuu Duniani: Ipi Inakufaa, na Mchango Wako Unaingilia Mlango Gani

Jirani yangu hapa Kisumu alinijia siku moja na karatasi mbili alizochapishiwa kwenye saiba ya Kondele. Binti yake alikuwa amepata alama za kumwezesha kusomea shahada ya uuguzi, na muda wa kuchagua kozi kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, ulikuwa unayoyoma. Katika karatasi ya kwanza, chuo alichokitaka binti kilikuwa miongoni mwa kumi bora nchini. Katika karatasi ya pili, jina la chuo hicho halikuwapo kabisa. Alizilaza karatasi zote mbili mezani, akapitisha kidole kwenye majina moja baada ya jingine, kisha akaniuliza, "Mwalimu, hawa wamekifukuza, au wale walidanganya?"

Hakuna aliyefukuza wala aliyedanganya. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya Webometrics, nayo ya pili ilikuwa ya Times Higher Education, kampuni ya Uingereza; zote mbili hupanga vyuo vikuu vya dunia. Chuo kisichopeleka takwimu zake kwa Times Higher Education hakiorodheshwi, na hata kikizipeleka, hakipewi nafasi mpaka kiwe kimechapisha angalau makala 1,000 za utafiti katika muda wa miaka mitano. Webometrics haisubiri kuletewa chochote, kwani huhesabu kile kinachoonekana kwenye intaneti, kwa hiyo chuo chochote chenye tovuti yake kinaweza kuingizwa. Ninafanya kazi ya kutunza rekodi za watafiti katika maktaba ya chuo kikuu kimoja cha magharibi mwa Kenya, na kazi hiyo imenionyesha kwamba wanaosoma orodha hizi ni wengi, ila wanaosoma maelezo madogo ya jinsi zinavyotengenezwa ni wachache mno. Ulinganisho ufuatao ni jibu nililompa jirani yangu, nikiliongezea yale ambayo mhadhiri, mhitimu au mwajiri angetaka kuyajua kabla ya kutoa mchango wake katika orodha hizi.

Watayarishaji karibu wote hupitia njia moja: huchagua vigezo, hukipa kila kigezo uzito, kisha hujumlisha. Hukumu yenyewe hufanyika kwenye uzito. Aliyewahi kuhudhuria maonyesho ya kilimo ya Nakuru anajua kwamba jaji wa maziwa na jaji wa nyama wanaweza kumpa utepe ng'ombe tofauti katika zizi lilelile, na wote wawili wakawa waadilifu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani ameshika nafasi ya kwanza, yafaa kuuliza jaji alikuwa akipima nini.

Shanghai: orodha ya tuzo

Orodha ya Shanghai ilianzishwa mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Shanghai Jiao Tong, kwa nia ya kujua vyuo vya China vimeachwa umbali gani na vile vinavyotangulia duniani. Asilimia 30 ya alama zake hutokana na tuzo za Nobel na nishani za Fields za hisabati walizozipata wahitimu na wahadhiri wa chuo. Asilimia 20 huhesabu watafiti wanaonukuliwa sana, 20 nyingine huhesabu makala zilizotoka katika majarida ya Nature na Science, 20 huhesabu makala zote zilizomo katika faharasa kubwa za sayansi na sayansi ya jamii, na 10 zinazobaki hupima matokeo hayo kwa kuzingatia idadi ya wahadhiri. Ufundishaji haumo kabisa. Orodha hii ina ubora mmoja, nao ni kwamba haimwulizi mtu maoni yake, lakini mzazi wa Kakamega anayetafuta kozi kwa ajili ya mwanawe anaweza kuiruka bila kupoteza kitu.

QS na Times Higher Education: pacha waliotengana

Hizi mbili zinahitaji kukaliwa chini, kwa sababu ndizo zinazotajwa zaidi kwenye hotuba za mahafali na kwenye mabango ya matangazo, na kwa sababu zinafanana kwa sura kuliko zinavyofanana kwa ndani. Kuanzia 2004 hadi 2009 zilikuwa orodha moja iliyotolewa kwa ushirikiano, kisha wenyewe wakaachana na kila mmoja akajenga yake.

QS, kampuni yenye makao yake London, huwalenga hasa wanafunzi wanaotaka kusoma ng'ambo, na vigezo vyake vinaonyesha hivyo. Tangu ilipobadilisha uzito kwa ajili ya toleo la 2024, sifa ya chuo miongoni mwa wanataaluma hubeba asilimia 30, sifa yake miongoni mwa waajiri hubeba 15, kunukuliwa kwa makala kwa kila mhadhiri hubeba 20, na uwiano wa wahadhiri kwa wanafunzi hubeba 10. Kisha vipo vigezo vitano vya asilimia 5 kila kimoja: wahadhiri wa kigeni, wanafunzi wa kigeni, mtandao wa utafiti wa kimataifa, ajira za wahitimu, na uendelevu wa mazingira na jamii. Ukijumlisha sifa mbili za mwanzo unapata asilimia 45, maana yake karibu nusu ya alama ni maoni ya watu walioulizwa.

Times Higher Education hugawa vigezo vyake 18 katika mafungu matano: ufundishaji asilimia 29.5, mazingira ya utafiti 29, ubora wa utafiti 30, sura ya kimataifa 7.5, na uhusiano na viwanda 4. Msomaji akilikuta neno "ufundishaji" hudhani kwamba kuna mtu aliyeketi nyuma ya darasa akasikiliza. Hakuna aliyeketi. Kati ya hizo asilimia 29.5, 15 ni sifa, yaani wasomi wa nchi mbalimbali huulizwa ni vyuo gani wanavyodhani vinafundisha vizuri. Zinazobaki hutokana na hesabu kama vile uwiano wa wahadhiri kwa wanafunzi, idadi ya shahada za uzamifu zinazotolewa, na mapato ya chuo. Fungu la mazingira ya utafiti nalo lina asilimia 18 za sifa. Kwa hiyo hapa maoni hubeba asilimia 33, ambayo ni chini ya QS, na yote ni ya wanataaluma, waajiri hawaulizwi.

Tofauti hiyo ya waajiri ndiyo ningeitumia kama ningelazimishwa kuchagua moja. Kijana anayetaka kuajiriwa mapema katika kampuni ya kimataifa ana sababu ya kuangalia safu ya waajiri katika QS, ambayo inaweza kusomwa peke yake bila kujali nafasi ya jumla. Anayetaka kuwa mtafiti afungue fungu la ubora wa utafiti la Times Higher Education, kwa kuwa halitegemei maoni bali namna makala zinavyonukuliwa. Nafasi ya jumla huchanganya yote hayo na kuyaficha.

Zote mbili zina udhaifu mmoja unaoviumiza vyuo vya kwetu. Egerton, pale Njoro, ilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo na ikawa chuo kikuu kamili mwaka 1987. Kwa miongo mingi wataalamu wa mifugo, udongo na mazao wametoka pale. Orodha ya jumla huuchukua uwezo huo wa kilimo, ikauchanganya na taaluma ambazo chuo hakijazipa kipaumbele, na ladha yake ikapotea. Vilevile, chuo kinachopokea wanafunzi kutoka Turkana, Bungoma, Kuria na Narok hakipati hata nukta moja ya utofauti, kwa kuwa hao wote huhesabiwa kuwa wenyeji, ilhali chuo cha Ulaya kilicho kilomita chache kutoka mpaka wa nchi jirani huvuna alama za ukimataifa bila jasho. Ndiyo sababu huwa nawashauri watu wafungue orodha za masomo mahususi kabla ya kutazama ile ya jumla.

Jambo jingine ni hizi nafasi zilizoandikwa kwa mafungu. Times Higher Education hutoa nafasi kamili hadi ya 200, na baada ya hapo huandika 201–250 na kuendelea, hadi ufike kwenye mafungu mapana kama 1201–1500. Shanghai huanza mafungu baada ya nafasi ya 100 tu. Watayarishaji hufanya hivyo kwa sababu wanajua kwamba huko chini alama zimekaribiana mno, kiasi kwamba kutofautisha chuo cha 1,230 na cha 1,460 kungekuwa kujidai. Gazeti au afisa wa mawasiliano anapochukua fungu kama hilo na kulitafsiri kuwa "tumepanda nafasi 200", huwa amezidisha maana ambayo mtayarishaji mwenyewe ameikataa.

Webometrics: orodha ya tovuti

Hii ndiyo iliyozoeleka zaidi Kenya, na sababu yake si ngumu kuiona: imekuwa ikiviorodhesha vyuo zaidi ya 30,000 duniani, kwa hiyo karibu kila chuo chetu kimo, na mwandishi wa habari anaweza kupata kumi bora wa nchi kwa dakika mbili. Ilianzishwa mwaka 2004 na maabara ya baraza la utafiti la Hispania, na utaratibu wake umekuwa kutolewa mara mbili kwa mwaka, Januari na Julai. Asilimia 50 ya alama ni mwonekano, yaani tovuti ngapi za nje zina viungo vinavyoelekeza kwenye kurasa za chuo. Asilimia 10 ni uwazi, unaopimwa kwa kunukuliwa kwa watafiti wake wakuu katika wasifu wao wa Google Scholar, huduma ya Google ya kutafutia makala za kitaaluma. Asilimia 40 ni umahiri, yaani idadi ya makala zilizo miongoni mwa asilimia 10 zinazonukuliwa zaidi katika nyanja zake.

Nitakusimulia niliyoyaona kwa macho. Chuo kimoja nilichowahi kukifanyia kazi kiliamua, wakati wa likizo ndefu, kubadilisha anwani ya tovuti yake iwe fupi na ya kupendeza. Hakuna aliyekumbuka kuzielekeza kurasa za zamani kwenye zile mpya. Hazina ya tasnifu, iliyokuwa imeunganishwa na tovuti za vyuo vya nje, ikawa inarudisha ukurasa mweupe wenye ujumbe wa kosa. Katika toleo lililofuata chuo kiliporomoka, na mkutano wa dharura ukaitishwa kujadili "kushuka kwa ubora wa elimu". Wahadhiri walikuwa walewale, maabara zilikuwa zilezile, na hata mti wa mwembe uliokuwa mbele ya maktaba ulikuwa bado unaangusha maembe. Kilichobadilika kilikuwa herufi chache za anwani.

Sisemi kwamba Webometrics haina thamani. Inapima kama kazi ya chuo inafikika kwa mtu wa nje, na hilo ni jambo la maana katika nchi ambayo tasnifu nyingi nzuri zimelala kwenye rafu zikiwa na jalada gumu na vumbi. Kosa ni kuisoma kana kwamba inapima darasa.

Leiden na zile mbili mpya

Orodha ya Leiden, kutoka chuo kikuu cha mji huo nchini Uholanzi, nitaipitia haraka ingawa ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Haijumlishi chochote. Inakupa takwimu za utafiti, nawe unachagua kigezo cha kupangia, iwe ni idadi ya makala, sehemu ya makala zinazonukuliwa sana, au ushirikiano na vyuo vingine. Januari 2024 ilitoa toleo la wazi linalotumia kanzidata ya OpenAlex, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua na kuikagua bila kulipa. Kwa mwanafunzi wa uzamili au uzamifu anayetafuta msimamizi, hii pamoja na makala zenyewe za msimamizi anayemfikiria inatosha.

Times Higher Education nao wana orodha mbili nyingine ambazo vyuo vya magharibi mwa Kenya vinaweza kupata nafasi ya haki zaidi. Ya kwanza, iliyoanza 2019, hupima mchango wa chuo katika Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa. Lengo la 17, la ushirikiano, limekuwa likibeba asilimia 22, na malengo matatu ambayo chuo kimefanya vizuri zaidi yamekuwa yakibeba asilimia 26 kila moja. Kwa hiyo chuo kilicho kando ya Ziwa Victoria kinaweza kujipima kwa maji safi na uhai wa majini, na cha Njoro kwa kukomesha njaa, badala ya kulazimishwa kushindana kwa tuzo za Nobel. Ya pili ilianza 2023 kwa vyuo vya Afrika kusini mwa Sahara pekee, na mafungu yake ni rasilimali na fedha, upatikanaji wa nafasi na usawa, stadi za ufundishaji, ushiriki wa wanafunzi, na athari kwa Afrika. Hapa wanafunzi wenyewe huulizwa. Zote mbili hutegemea ushahidi unaopelekwa na chuo chenyewe, na mwenye bidii ya kujaza fomu anaweza kumpita mwenye bidii ya kazi, jambo linalofaa kukumbukwa kabla ya kushangilia.

Nani atumie ipi

Kwa aliyemaliza kidato cha nne na anayebaki nchini, sioni orodha ya dunia inayopaswa kuamua. Maswali ya kwanza kwake ni kama chuo kina idhini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na kama kozi inatambuliwa na bodi ya taaluma husika: baraza la wauguzi kwa uuguzi, bodi ya wahandisi kwa uhandisi. Mhitimu asiyesajiliwa na bodi hatasaidiwa na nafasi ya chuo chake mbele ya mwajiri. Baada ya hapo ndipo aulize karo, bweni, na umbali wa hospitali ya mafunzo.

Kwa anayekwenda ng'ambo hali ni tofauti, na hapa orodha zina nguvu ya sheria. Uingereza ilipoanzisha viza ya watu wenye uwezo mkubwa mwaka 2022, ilimtaka mwombaji awe amehitimu kutoka chuo cha nje kilicho miongoni mwa 50 bora katika angalau orodha mbili kati ya tatu: Shanghai, QS na Times Higher Education. Chuo cha Afrika hakikuwamo hata kimoja. Mtu anayepanga kufanya uzamili Ulaya au Asia na kuhamahama baadaye hana budi kuzitazama hizo tatu, apende asipende.

Mhadhiri anayetafuta washirika atumie Leiden. Kwa msimamizi wa chuo kichanga cha Bondo, Bungoma au Kaimosi, ningesema malengo ya maendeleo na orodha ya Afrika kwanza, kwa kuwa kuzijaza kunamlazimu akusanye takwimu ambazo angezihitaji hata kama orodha zisingekuwapo.

Mchango unaingilia wapi

Wengi hudhani kwamba mtu huchangia kwa kupiga kura. Hilo ni kweli kwa sehemu ndogo tu. Katika QS, chuo hupeleka majina ya wanataaluma na waajiri wanaoweza kuulizwa. Anayejibu anaruhusiwa kutaja hadi vyuo 10 vya nchi yake na 30 vya nje, na chuo chake mwenyewe hakihesabiwi. Kwa hiyo meneja wa wafanyakazi katika shamba la maua la Naivasha, au katika hospitali ya Nakuru, ambaye ameajiri wahitimu wa vyuo vitano na anajua nani hufika akiwa tayari kwa kazi, ana ushahidi wenye thamani, na barua pepe ya uchunguzi ikimfikia haifai kutupwa pamoja na matangazo. Katika Times Higher Education mlango huo hufunguliwa kwa mwaliko tu. Huwezi kujiandikisha wala kumwandikisha rafiki. Kwa Shanghai na Leiden hakuna wa kuulizwa.

Mlango mpana zaidi, unaoingia katika karibu orodha zote, ni rekodi za makala. Na rekodi zetu zimevurugika. Kilicho leo Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilianza 2002 kama Western University College of Science and Technology, chini ya Chuo Kikuu cha Moi, kikawa chuo kikuu kamili 2007. Cha Jaramogi Oginga Odinga kilikuwa chuo kishiriki cha Bondo hadi 2013. Kibabii kilikuwa chini ya Masinde Muliro hadi 2015. Makala zilizochapishwa katika majina hayo ya zamani huweza kubaki zikielea, na kanzidata ambayo haikuambiwa haiwezi kubuni kwamba mama na mtoto ni watu wa nyumba moja.

Mhadhiri mmoja alikuja kwangu akilalamika kwamba ana makala 19 lakini mfumo unamwonyesha akiwa na 8. Tuliketi kwenye dirisha la maktaba, yeye na orodha yake iliyoandikwa kwa kalamu, mimi na kompyuta. Tulimkuta akiwa watu watatu: mmoja kwa jina lake la kabla ya ndoa, mwingine kwa herufi za mwanzo tu, na wa tatu akiwa na jina kamili lakini bila chuo. Huyo wa tatu alikuwa ameandika mradi wa malaria na kituo cha utafiti cha Kisian kama anwani yake, akasahau kuandika chuo kinachomlipa mshahara. "Kumbe mimi ndiye niliyejiibia," alisema, akacheka kwa uchungu.

Tuliyoyafanya siku hiyo anaweza kuyafanya mtu yeyote aliyewahi kuchapisha. Alijisajili ORCID, huduma isiyo ya faida iliyoanza 2012, ambayo humpa mtafiti nambari ya tarakimu 16 bila malipo. Nambari hiyo haibadiliki akiolewa, akihama chuo au chuo kikibadilisha jina. Aliomba Scopus, kanzidata ya kulipia ya makala za utafiti, iunganishe rekodi zake tatu, ombi ambalo mwandishi mwenyewe anaweza kulituma hata kama chuo hakijalipia huduma hiyo. Hili lina uzito kwa sababu QS na Times Higher Education hupata makala zao Scopus. Tuliwaandikia OpenAlex masahihisho kupitia fomu yao, kwa ajili ya toleo la wazi la Leiden. Mwisho nilimwandikia kwenye kikaratasi jina rasmi la chuo kama linavyotakiwa kuandikwa, neno kwa neno, bila kifupisho, nikamwomba alibandike pembeni ya skrini yake.

Mhariri wa jarida ana mchango mkubwa kuliko anavyojua. Makala iliyoandikwa kwa Kiswahili, hata iwe nzuri namna gani, haihesabiwi na QS wala Times Higher Education ikiwa jarida halimo Scopus. Hilo linaniuma, kwa kuwa kazi bora za fasihi simulizi ya Waluhya na Wajaluo ninazozijua zimechapishwa katika majarida madogo. Lakini jarida lenye nambari ya utambulisho ya ISSN, lenye vitambulisho vya kudumu vya DOI, na lililoingizwa katika African Journals Online, huanza kuonekana na Google Scholar na OpenAlex, hivyo kuhesabika angalau kwa Webometrics. Mhitimu naye aipeleke tasnifu yake katika hazina ya chuo badala ya kuiacha kwenye flashi, na anapotaja chuo chake katika tovuti ya shirika lake aweke kiungo.

Kuna michango ambayo ni heri isitolewe. Kununua manukuu, kuandika jina katika makala usiyoifanyia kazi, au kupamba takwimu kabla ya kuzituma, yote hayo hutokea, na hayatokei kwetu tu. Mwaka 2022 mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alizikagua takwimu ambazo chuo chake mwenyewe kilikuwa kimezipeleka kwa kampuni ya habari ya U.S. News kwa ajili ya orodha ya ndani ya Marekani, akaonyesha kwamba hazikuwa sahihi. Columbia kikaangukia nafasi ya 18 kutoka ya 2. Huyo mwanahisabati, kwa maoni yangu, alichangia zaidi ya wote waliojibu fomu mwaka huo.

Wengine wamechangia kwa kujitoa. Utrecht cha Uholanzi hakikupeleka takwimu zake kwa Times Higher Education mwaka 2023, na Zurich cha Uswisi kikatangaza kujitoa mwaka 2024, kwa hoja kwamba orodha huhimiza wingi wa makala kuliko ubora wake. Naikubali hoja yao, ila Zurich kina jina linalokitangulia kila mahali. Chuo chetu kikijitoa, mtu wa nje atadhani tu kwamba hakipo, kama alivyodhani jirani yangu.

Jirani huyo nilimweleza karibu yote haya, kwa maneno machache zaidi. Alizigeuza karatasi zake, nyuma ya moja akaandika maswali matano ya kuuliza chuoni, la kwanza likihusu usajili wa baraza la wauguzi, na Jumatatu yake akapanda matatu pamoja na binti kwenda kuuliza. Mhadhiri wangu naye alipata jibu la Scopus baada ya wiki kadhaa: rekodi zimeunganishwa, makala 17 zimeonekana. Mbili bado. Moja imechapishwa katika jarida ambalo halimo humo, na ya pili jina lake limeandikwa kwa kosa la herufi moja, nasi tumeshaiombea marekebisho.